Bilioni ya Mjerumani kwenye sanduku la babu

SWALI: Shikamoo mzee. Kwenye sanduku la bati la marehemu babu, huku Marangu, nimekuta noti ya Kijerumani ya mark 1,000, ya Desemba 1922, imegongwa maandishi mekundu: "Eine Milliarde Mark", yaani bilioni moja. Fundi saa mmoja wa Moshi mjini anasema ni mali ya enzi za ukoloni, nisiiachie chini ya milioni tano. Naye ananiuzia noti ya Zimbabwe ya dola trilioni 100. Nichukue?
– Mjukuu, Marangu

JIBU: Marahaba mjukuu. Hiyo ya ukoloni si kweli. Mjerumani alitimuliwa Moshi Machi 1916, na fedha yake hapa ilikuwa rupia. (Ukikuta rupia za dharura zilizochapwa Tabora wakati wa vita, hizo niandikie haraka!) Noti yako ni ya Ujerumani kwenyewe, 1923, bei zilipokuwa zikipaa kila siku. Benki kuu yao ilichukua noti za elfu ilizokuwa nazo, ikazigonga bilioni. Novemba mwaka huo mkate mmoja Berlin ulifika kama bilioni 200, kwa hiyo ungehitaji noti 200 za hivyo ule mkate mkavu.

Zilichapwa nyingi mno, na bado zimejaa kwa wakusanyaji. Ukiiuza utapata hela ya mbege, si ya ng'ombe. Mimi ningebaki nayo.

Ila usiipige pasi! Nimekaa kaunta ya benki mpaka kustaafu, na kinachoniuma ni noti nzuri iliyonyooshwa kwa pasi au kuungwa kwa selotepu. Mkunjo mmoja tu katikati hushusha bei. Pasi huua kabisa ule ukakasi wa karatasi mpya, na mnunuzi mzoefu huugundua kwa kidole. Iweke bapa kwenye albamu ya noti, mbali na jua.

Ya Zimbabwe ni habari nyingine. Ilitoka Januari 2009 ingawa imeandikwa 2008, na mwezi uliofuata serikali ikafuta sifuri 12. Hiyo ina wateja, ndiyo maana za bandia ni nyingi. Zile za kung'aa kama dhahabu ni mapambo tu. Halisi ni ya karatasi: mbele mawe yaliyobebana, nyuma maporomoko ya Victoria na nyati, namba ikianza na AA. Ikianza na ZA ni ya akiba, iliyochapwa kufidia zilizoharibika, na hiyo ni adimu zaidi. Fundi akikataa uitoe kwenye nailoni uikague, mwachie.