Maswali ya wasomaji: Spika za kubeba kwa shughuli ndogo

Kikundi chetu kina udi, fidla, dumbaki na mwimbaji mmoja. Tunaalikwa harusini, uani, watu 100 hivi. Dukani tumeoneshwa spika moja ya inchi 15 iliyoandikwa wati 3000, na jozi ya inchi 10 zilizoandikwa wati 1000 kila moja. Bei zinakaribiana. Tuchukue ipi? (Msomaji, Unguja)

Chukueni jozi, ila kwanza hakikisheni jambo moja kwenye karatasi ya vipimo. Ile namba ya wati iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni ya kilele, yaani nguvu ambayo amplifaya huitoa kwa kufumba na kufumbua. Ulizeni wati za kuendelea. Mara nyingi ni nusu ya ile namba, na kwa spika za bei poa huwa chini zaidi ya hapo. Hata hizo zisiwatie wazimu: ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na sikio huzisikia kama ongezeko dogo.

Kipimo cha kununulia ni kiwango cha juu cha sauti, kinachoandikwa kwa desibeli katika umbali wa mita 1. Kwenye uwanja wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili. Toka mita 1 hadi 2, hadi 4, hadi 8, hadi 16: ni hatua nne, umepoteza desibeli 24. Toeni tena 10, kwa sababu namba ya mtengenezaji nayo ni ya kilele. Spika ya desibeli 126 itawafikia walio mita 16 kwa desibeli 92 hivi, na hizo zinatosha. Ya desibeli 112 itafika na 78. Watu 100 wakicheka na kuitana hufika hapo bila taabu, kwa hiyo mwimbaji atamezwa. Kama jozi mliyooneshwa iko chini ya desibeli 120, iacheni.

Kwa nini si inchi 15? Nyuzi nzito za udi hushuka hadi karibu Hz 65 (mitetemo 65 kwa sekunde; namba ikishuka, sauti ni nzito zaidi), na inchi 10 nzuri inafika huko. Inchi 15 ina faida kubwa kwa gitaa la besi, ambalo uzi wake mzito ni Hz 41. Kwa kikundi chenu inaweza hata kuleta hasara: katika spika ya njia mbili, yaani yenye koni moja na tundu la sauti nyembamba, koni hiyo kubwa ndiyo inayobeba pia sehemu kubwa ya sauti ya mtu, na aliyekaa pembeni husikia maneno yamefifia. Taarab ni mashairi. Maneno yasiposikika, shughuli imeharibika.

Jaribuni kabla ya kulipa. Nendeni na maiki yenu wenyewe, mwimbaji aimbe, mwingine asogee mita 10 kisha aende pembeni kabisa. Asikilize herufi *s* na *t*. Zikipotea, tatizo hilo halitibiwi kwa kuongeza sauti. Kisha pandisheni hadi taa nyekundu ianze kumweka: spika nzuri hujizuia tu, mbovu hukwaruza.

Dumbaki msiiwekee maiki uani. Inajitosheleza, na kila maiki inayoongezwa huukaribisha mluzi.

Naimba peke yangu na gitaa kwenye hoteli za pwani. Spika za betri zinafaa? (Msomaji, Diani)

Zinafaa sana kwa meza 15 au 20. JBL EON ONE Compact ina uzito wa kilo 8 na mtengenezaji anatangaza hadi saa 12 za betri. Bose S1 Pro ni kilo 7 hivi na saa 11. Saa hizo ni za sauti ya wastani. Ukipiga kwa nguvu, panga kwa nusu yake. Gitaa lichomeke kwenye tundu lililokusudiwa magitaa, si la maiki, la sivyo pikapu (kinasa sauti cha gitaa) isiyo na betri itatoa sauti nyembamba kama redio ndogo. Bluetooth iwe ya kupigia nyimbo wakati wa mapumziko tu: inachelewesha sauti kiasi cha kukutoa kwenye mdundo.

Na pwani ni chumvi. Futa matundu na wavu kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi.

Maiki inapiga mluzi kila tukipandisha sauti. Fundi anasema tubadilishe mikisa (mashine ya kuchanganya sauti). (Msomaji, Dodoma)

Msinunue kitu bado. Mluzi unatokea pale maiki inaposikia spika yake yenyewe, na sauti ikazunguka. Fuateni mpangilio huu.

Spika zikae mbele ya waimbaji, zikitazama watu, juu ya stendi, tundu la sauti nyembamba likipita vichwa vya waliosimama: karibu mita 2. Mwimbaji aweke midomo sentimita 3 hadi 5 kutoka maiki. Akisogea kutoka sentimita 5 hadi 20 mnapoteza desibeli 12, nanyi mnazifidia kwa kupandisha, ndipo mluzi unapoanza. Asiushike wavu wa maiki kwa kiganja, maana hapo maiki husikia pande zote. Washeni kichujio cha kukata sauti nzito, cha Hz 80 au 100, kwenye mkondo wa sauti ya mtu. Bado inalia? Tafuteni masafa yanayolia kwenye ikwalaiza, mshushe hayo peke yake desibeli 3 hadi 6. Kushusha masafa yote kutawaachia sauti iliyokufa.

Tukitumia jenereta spika zinaunguruma, na moja imeungua. (Msomaji, Mwanza)

Haya ni mambo mawili. Muungurumo mara nyingi unatokana na vifaa kuchomekwa sehemu tofauti. Mikisa na spika zote zitoke kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ethi, na kamwe msiukate waya huo. Kutoka mikisa hadi spika tumieni waya wa XLR (wenye plagi ya pini tatu). Jeki ya kawaida ya gitaa ikizidi mita 6 hivi huokota kelele.

Kuungua kunahusu umeme kupanda ghafla. Washeni jenereta kwanza, itulie dakika chache, ndipo mchomeke. Stabilaiza ni lazima. Someni kibao nyuma ya spika: yenye kiwango cha V 100 hadi 240 huvumilia umeme ukishuka, lakini haivumilii V 300. Mpangilio wa kuwasha ni mikisa kwanza, spika mwisho. Kuzima, spika kwanza. Na jenereta isizimwe kwa kuishiwa mafuta vyombo vikiwa vimewaka.