Uchomaji wa nyasi kwenye msitu wa hifadhi ya kijiji

Ndugu, nimekuelewa: moto wa Septemba unateketeza miche ya miombo kila mwaka, na sasa kamati inataka kupiga marufuku moto wowote. Nawasihi msifanye hivyo. Nyasi zisipochomwa wala kuliwa na mifugo hurundikana, na siku moto ukiingia hupanda hadi matawini. Kreta ya Ngorongoro ni funzo: mifugo na uchomaji vilipoondolewa miaka ya 1970, nyasi ndefu ngumu zilitanda, kupe wakazidi, na mwaka 2001 uchomaji wa mpango ukarudishwa.

Chomeni mapema, Mei hadi mwanzoni mwa Julai, mashina ya nyasi yakiwa bado mabichi kwa chini. Moto huo huenda taratibu na kuacha viraka visivyoungua, ambamo kware na wadudu hujihifadhi. Gaweni eneo, mchome theluthi moja tu kwa mwaka. Kwanza kwatueni mkanda wa kuzuia moto, upana mita 5, kuzunguka kipande, kisha washeni upande ule upepo unakoelekea, ili moto urudi kinyume cha upepo. Jioni ni salama zaidi. Kingo za mto msiguse kabisa. Miti ya huko haihimili moto.

Kinachoponza wengi ni gogo linalofuka. Moto hulala ndani, upepo wa kesho yake hurusha cheche ng'ambo ya mkanda. Ligeuzeni, mwagieni maji, rudini asubuhi mlikague.

Bila kibali cha maandishi msiwashe hata kiberiti. Ofisa misitu wa wilaya awepo siku hiyo, na vijiji jirani na wenye mizinga ya nyuki waarifiwe mapema.