Muulize Fundi Baskeli: Helmeti yangu nzima kabisa, niitupe kwa nini?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mie niko Wete. Wiki mbili nyuma nlikuwa nateremka kilima na baskeli, na si unajua msimu wa karafuu watu wanaanika mpaka ukingoni mwa lami, bas nkakwepa jamvi la bibi mmoja nkaingia kwenye mchanga, nkaenda chini, kichwa kikagonga lami ngo! Alhamdulillah nlivaa helmeti, nkainuka na kiwiko kimechubuka tu. Sasa shemegi yangu ananambia nisiivae tena, na mie nkiitizama ina mkwaruzo mdogo pembeni bas. Hela ya nyengine saa hizi sina. Nani mkweli?

JIBU: Waaleikum salaam, pole sana, na shemegi yako mkweli.

Wewe unatizama ganda la juu, lile linalong'ara, na kazi haifanywi na ganda. Kazi inafanywa na lile povu gumu la ndani, ndugu yake lile jeupe linalokuja kwenye katoni ya tivii. Hebu tafuta kipande cha hilo la katoni ukibonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu, kisha uachie. Shimo linabaki pale pale, halirudi. Na kichwani ndo ivo ivo, ule mshindo uliokuwa uende kwenye fuvu lako povu limeumaliza kwa kujibonda lenyewe, na pale lilipobondeka pashakuwa pembamba na pagumu, siku ukipigia tena hapo hamna tena cha kubondeka. Ganda la plastiki linajikunja linarudi, ndo mana nje unaona mkwaruzo tu.

Ukitaka kujiridhisha toa visponji vya ndani, washa tochi ya simu, tafuta ufa, wengine mwembamba kama unywele. Ukiuona yameisha. Usipouona usifurahi bado, kwa sababu povu likibondeka milimita chache jicho halioni. Mie sheria yangu moja tu, kichwa kimegonga chini nacho kimo ndani, helmeti imeshafanya kazi yake. Ikiwa imekudondokea mezani tupu hiyo habari nyengine, itizame tu nyufa uendelee nayo.

Hela nakuelewa, na sitokwambia utembee kichwa wazi. Mpaka upate vaa hiyo hiyo, upande mmoja umekufa ila kwengine bado mna kitu, lakini ziwe siku za kuhesabika, isije ikafika msimu mwengine wa karafuu bado unayo.

SWALI: Fundi, mume wangu kamnunulia mtoto helmeti ya mtumba elfu 15, anaendea skuli. Inafaa? Na hivi vitu vinakaa miaka mingapi? (Mama wa watatu, Fuoni)

JIBU: Dada yangu, tabu ya mtumba ni kuwa hujui ilianguka na nani huko ilikotoka, na muuzaji naye hajui. Tizama ndani, pana kibandiko cha tarehe iliyotengenezwa, na pawe pameandikwa alama ya kuwa imepimwa usalama, EN 1078 kama ya Ulaya au CPSC (idara ya serikali ya usalama wa bidhaa) kama ya Marekani. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa mie hapo hapo naanza kushuku. Miaka, hao hao CPSC wa Marekani wanasema ibadilishwe baina ya miaka 5 na 10 hata kama haijaanguka, wengine wanasema 5 bas. Kwa jua letu na jasho na chumvi ya bahari mie niko na hao wa 5. Mikanda ikianza kuchanika nyuzi au klipu haikazi, usingoje hata hiyo miaka.

Tena mwambie baba watoto asiipake rangi wala asiisafishe kwa petroli. Mie ujinga huo nshaufanya, nlitaka kutoa lami iliyoganda, petroli ikapenya ndani na povu likayeyuka mbele ya macho yangu kama sukari kwenye chai. Maji na sabuni ya kawaida inatosha.

Na ikifika siku ya kuitupa, kata mikanda kwanza kwa kisu. Usipoikata, jioni utamuona mtoto wa jirani keshaiokota anayo kichwani.