Kuwawekea vijana gemu zilizovunjwa: je, pato lake ni halali?

SWALI: Assalamu alaykum, ustadh. Mimi ni fundi simu hapa Kondele, Kisumu. Vijana huniletea simu niwawekee gemu zilizovunjwa, vitu vya kulipia viwe bure. Natoza shilingi 50. Kampuni zenyewe ziko ng'ambo na zina mabilioni. Kuna ubaya? Juzi mama mmoja wa Manyatta alirudi akilalamika kuwa simu anayochezea mwanawe inatuma meseji yenyewe.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Hilo la ng'ambo halina uzito. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, Maquraishi walikuwa wamepanga kumuua, na bado alimwacha Ali nyuma awarudishie watu amana zao. Na wanazuoni wa fiqhi waliokutana Kuwait mwaka 1988 walipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia. Gemu imo humo.

Lakini la huyo mama ndilo lililonishtua. Simu yenyewe hukuonya, nawe unaiwashia ruhusa ya kupokea programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Gemu ikifunguka inaomba kusoma meseji. Mtoto anabonyeza "Ruhusu" mbiombio akakimbilie bunduki zake. Gemu ya bunduki ina haja gani na meseji? Humo mna salio la M-Pesa la mama yake, na nambari ambazo benki hutuma kuthibitisha muamala. Aliyeivunja gemu ile hakuwa akitoa sadaka.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akasema: "Mwenye kutughushi si katika sisi." Yule muuzaji angalau alijua kilicholowa. Wewe hujui kilichochomekwa ndani, na unauza.

Tena mara nyingi hata kilichoahidiwa hakipo. Almasi za Free Fire, yaani pesa za ndani ya gemu hiyo ya bunduki, huhesabiwa kwenye kompyuta za kampuni. Zinazoonekana kwenye kioo baada ya "kufunguliwa" ni picha tu, na akaunti ikigunduliwa hufungwa.

Kwa hiyo acha kazi hiyo, pato lake si halali. Unaowakumbuka warudishie, usiowajua, toa kwa maskini.

Na mama wa Manyatta mpigie leo, kabla ya Maghrib. Atoe laini, abadilishe nambari ya siri ya M-Pesa kwenye simu nyingine, kisha umfutie simu yote bila malipo. Umwambie pia ni nani aliyeiingiza gemu hiyo.

Wallahu aalam.