Figo zimeshaagiza, damu bado haijafika

SWALI: Shikamoo daktari. Nililala kambini kwenye mita 3,800, usiku kucha moyo ukanidunda nikiwa nimejilaza tu. Nilitoka hemani mara tano kwenda haja ndogo. Mwenzangu akasema nitulie, ni homoni zinatengeneza damu mpya, kesho nitakuwa nimezoea. Ni kweli? Na nipunguze maji ili nilale?
Mpandaji mgeni

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi kuhusu homoni, ila kalenda yake ndiyo mbovu.

Moyo wako ulidundishwa na adrenalini na nduguye noradrenalini, homoni za dharura. Hewa ya juu ina oksijeni asilimia 21 kama ya usawa wa bahari, lakini kanieneo imeshuka, kila pumzi inaleta kidogo, basi damu inazungushwa upesi.

Homoni ya damu ni erithropoietini, nayo hutoka kwenye figo. Ndani ya seli kuna protini iitwayo HIF, inayotengenezwa na kuvunjwa muda wote. Oksijeni ikipungua haivunjwi tena. Inarundikana na kuwasha jeni la homoni hiyo. (Walioufumbua mpango huu, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipata Nobel ya tiba mwaka 2019.) Homoni hupanda ndani ya saa chache na kufika kileleni siku ya kwanza au ya pili. Lakini hiyo ni oda tu. Uboho wa mifupa huchukua siku kadhaa kukuza chembe nyekundu, na wiki kadhaa kabla hazijawa nyingi za kukusaidia.

Hata mimi niliwahi kunaswa hapo. Nikiwa daktari kijana nilifuatana na kundi la wapandaji, nikiwapima damu kila asubuhi. Siku ya tatu hemoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ilikuwa imepanda, yangu ikiwemo, nikaandika daftarini kwa mbwembwe: chembe zimeongezeka! Wapi. Maji ya damu ndiyo yaliyopungua, chembe zilezile zikaonekana kukolea.

Na maji hayo ndiyo yaliyokutoa hemani. Aldosteroni, homoni inayoamuru figo zishike chumvi, hushuka ukiwa juu. Chumvi ikitoka, maji huifuata. Kupumua haraka nako huzidisha alikali kwenye damu, na figo huitoa kwa mkojo. Kwa hiyo zile safari tano zilinifurahisha kuzisoma. Anayenitia wasiwasi ni yule anayelala fofofo bila kutoka, kwa sababu wanaoumwa kichwa na kichefuchefu cha mlimani mara nyingi ni wale ambao miili yao inabakiza maji.

Usijinyime maji, wala usiyabugie kwa malita, fuata kiu. Ukivuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Kichwa kikiuma, baki hapo ulipo. Ukianza kupepesuka, au kuhema ukiwa umekaa, shuka usiku huohuo, hata kama mwenzako anasema damu iko njiani.