Gesi inayopenya kwenye utando imepungua: utando umechoka au umezibwa?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Hapa Simbo, Kigoma, tunapata biogesi kutoka maji machafu ya kukamulia mawese, kisha tunaipitisha kwenye utando wa polima (aina ya plastiki) yenye florini ili kutoa kaboni dioksidi. Ndani ya miezi mitano gesi inayopenya imepungua kwa theluthi. Muuzaji alisema florini haishikwi na mafuta. Tununue utando mwingine?

JIBU: Msinunue kwanza, ndugu yangu. Anzeni na geji. Kinachosukuma kaboni dioksidi ni tofauti ya kanieneo yake yenyewe pande mbili za utando. Gesi ikiingia kwa baa 10 ukijumlisha na kanieneo ya hewa (geji husoma karibu 9) ikiwa na kaboni dioksidi 40%, na upande wa pili kuna baa 1 yenye 90%, msukumo pale mwanzoni ni 4 kutoa 0.9, yaani baa 3.1. Kompresa ikilegea hadi baa 8, unabaki 2.3. Robo imekwenda, na utando hauna kosa lolote.

Kama kanieneo na joto ni vilevile, pimeni methani, ile gesi ya kuwaka mnayoitaka, kwenye gesi iliyopenya. Polima hii ni ngumu mithili ya kioo: minyororo yake iliganda bila kubanana, ikaacha vinafasi ambamo kaboni dioksidi (nanomita 0.33) hupita haraka kuliko methani (0.38). Muda ukienda minyororo hubanana. Gesi hupungua, kwa kasi zaidi siku za mwanzo, lakini methani inayopotea haiongezeki. Huo ni uzee, na tabaka lenye unene usiofika mikromita 1 huzeeka mapema. Dawa yake ni kuongeza eneo la utando. Gesi na methani vikipanda pamoja, polima imevimba kwa kaboni dioksidi. Methani ikiruka ghafla, tafuteni oringi (pete ya kuzibia) inayovuja au uzi wa utando uliokatika.

Sasa mafuta. Muuzaji amesema nusu ya ukweli. Polima iliyojaa florini haiyanyonyi mafuta kwa urahisi, kwa hiyo haivimbi sana. Lakini ukungu wa mafuta ya kompresa hutanda juu yake na kuziba vitundu vya tabaka linaloibeba, na hapo florini haisaidii kitu. Fungueni chujio la mwisho kabla ya utando: likiwa na utelezi, mmempata mwizi.

Mpangilio uwe huu: ondoeni haidrojeni salfaidi (gesi ya sumu) kwa chuma chenye kutu, kompresa, kipoza, mtego wa maji, chujio la mikromita 0.01, mkaa amilifu, kisha pasheni gesi ipande kwa nyuzijoto 10 hivi ili maji yasitone ndani ya utando. Mkaa ubadilishwe kabla haujashiba. Ukishiba, mvuke wa mafuta unapita moja kwa moja.

Fungueni mitambo nje, penye upepo, mkiwa wawili, bila moto. Msitegemee pua: haidrojeni salfaidi ikizidi huua uwezo wa kunusa, na harufu ya mayai viza hutoweka wakati hatari imekua.