Melbourne: panda treni, ukale wanakokula wenye chakula chao

Siku tatu za kwanza Melbourne nilikula vibaya, tena kwa bei kubwa. Nilikuwa nimefikia katikati ya jiji, karibu na Mto Yarra, na kila jioni nikitoka kwenye mafunzo nimechoka niliingia mgahawa wowote wenye taa nzuri. Mtaa mmoja ulikuwa na wapiga debe kama stendi ya mabasi: kijana anakufungulia menyu njiani, anakuahidi kinywaji cha bure. Tambi zikaja zimerojeka, mchuzi hauna chumvi. Tangu siku ile, mgahawa unaohitaji mpiga debe siingii.

Siku ya nne dereva wa teksi, Muethiopia, aliniuliza kwa nini sijafika Footscray. Ni upande wa magharibi wa jiji, kama dakika kumi kwa treni kutoka stesheni ya Southern Cross. Nilishuka pale mchana nikadhani nimebadilisha nchi. Soko lina samaki, mchicha, pilipili na miwa. Ng'ambo ya barabara watu wanakunywa pho, supu ya tambi ya Kivietnamu, na mitaa michache mbele unanusa vitunguu na berbere, viungo vikali vya Kiethiopia. Wavietnamu walianza kuja Australia kwa wingi baada ya vita vyao kwisha mwaka 1975, kisha miaka ya baadaye wakafuata watu wa Pembe ya Afrika. Hapo ndipo nilipoelewa siri yenyewe: mpishi wa Footscray anawapikia kwanza watu wa kwao. Mteja aliyelelewa na supu ya mama yake hadanganyiki, na akiudhika harudi. Mgeni kama wewe unafaidi ukali wa mteja huyo.

Kwa Waethiopia, nenda na mwenzako. Chakula huja kwenye sinia moja juu ya injera, mkate wao mpana na laini, mnanawa mikono, mnamega pamoja. Sisi hatuhitaji kufundishwa. Injera ina uchachu kwa sababu unga wa teff, nafaka yao ndogo, huachwa uumuke siku kadhaa, kwa hiyo usidhani imeharibika. Mimi naagiza beyaynetu, yaani dengu, kabichi, mboga za majani na vingine vingi, vyote bila nyama wala maziwa. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, ndiyo maana wamebobea katika mapishi hayo. Kwa Mwislamu ni nafuu kubwa, maana si kila mgahawa wa Kihabeshi una nyama ya halali. Uliza, wala usione haya, wanajibu vizuri.

Ukitaka halali kwa urahisi zaidi, panda tramu namba 19 uende kaskazini, ufuate Sydney Road kupitia Brunswick hadi Coburg. Huko kuna Walebanoni na Waturuki, na maduka ya mikate yanayotoa manoushe ya moto asubuhi, yaani mkate bapa uliopakwa zaatari, mchanganyiko wa majani makavu na ufuta. Kumbuka tramu ni za bure katikati ya jiji tu. Ukivuka mpaka huo unahitaji kadi ya Myki yenye salio.

Kuhusu intaneti: nyota tano hazinisaidii. Nasoma waliotoa nyota tatu, kwa kuwa hao husema kwa utulivu kipi kilikuwa kitamu na kipi hapana. Kisha natazama picha za wateja za miezi ya karibuni, maana mpishi huweza kuhama na sifa zake zikabaki. Nikifika mlangoni naangalia waliokaa ndani. Nikiona bibi na wajukuu wanaongea lugha ya chakula kile kile, naketi.

Jambo linalotuumiza sana sisi tuliozoea kula usiku ni saa. Majiko mengi hufungwa saa tatu usiku, na mengine hupumzika kati ya saa nane na nusu mchana na saa kumi na moja jioni. Soma pia maandishi madogo chini ya menyu: Jumapili mara nyingi huongezwa asilimia 10 kwenye bili, na siku za sikukuu asilimia 15. Ni halali kisheria mradi wameyaandika. Bahshishi si lazima. Maji ya bomba ni salama na hutolewa bure, yaombe.

Jioni yangu ya mwisho nilirudi Footscray nikaagiza kahawa. Waliikaanga pale pale, wakapitisha moshi wake ili tunuse, wakaipika kwenye jebena, birika lao la udongo, na kutumiminia raundi tatu. Ya tatu huitwa baraka, na hilo neno halikuhitaji mkalimani. Kama una treni ya kuwahi, agiza kahawa hiyo mara tu unapoketi.